Askari Wetu wa Zamani na Malipo Yao

Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Historia

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, sogeeni karibu na redio ili kila mtu apate kusikia vizuri. Wekeni ubao na chaki tayari, kwa kuwa leo tutaandika maneno matatu, kisha tutafanya hesabu ndogo.

Somo la leo limetokana na barua. Mama mmoja anayejifunza kusoma na kuandika ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Anasema kwamba babu yake alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi nyumbani na nishani mbili, na mguu wa kushoto ambao haukukunjika tena sawasawa. Aliishi mpaka uzee akilima kwa shida, na alifariki bila kupokea pensheni hata senti moja. Mama huyu anauliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini babu hakupata pensheni, na hali watu husema kwamba askari hulipwa mpaka kufa kwake? La pili: je, wajukuu wanaweza kudai?

Swali la pili nitalijibu mwisho wa somo, wala sitalizunguka. Lakini jibu lake halitaeleweka bila kulijibu kwanza lile la kwanza; na hilo la kwanza ni historia yenyewe.

Haya, tuandike maneno matatu ubaoni.

Neno la kwanza ni mshahara. Hili mnalijua. Ni fedha za kazi ya mwezi. Kama mtu amefanya kazi na hakulipwa, fedha hizo ni deni.

Neno la pili ni kiinua mgongo. Hizi ni fedha anazopewa mtu mara moja tu anapoacha kazi. Akiisha kuzipokea na kutia sahihi au dole gumba, mambo yamekwisha baina yake na aliyemwajiri. Wazee wengine huziita bakshishi. Tena angalieni neno hilo. Bakshishi ni zawadi, na mtu hudai haki, hadai zawadi.

Neno la tatu ni pensheni. Hizi ni fedha zinazolipwa kila mwezi, au kila baada ya muda fulani, mpaka mtu anapokufa. Iko pensheni ya utumishi mrefu, na iko pensheni ya ulemavu, ambayo hulipwa mtu aliyeharibika mwili kwa sababu ya kazi, hata kama hakutumika miaka mingi.

Sasa, mtu anapokwenda ofisini kudai pensheni ya jeshi, katika nchi yoyote ile, huulizwa maswali matatu. Swali la kwanza: Ulikuwa nani jeshini? La pili: Ulitumika muda gani? La tatu: Uliumia nini, na kwa sababu gani? Tutayafuata maswali hayo moja moja, tuone yaliwafanyia nini watu wa Afrika ya Mashariki.

ULIKUWA NANI?

Jeshi la Keya liliundwa mwaka 1902, vikosi vya Waingereza vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vilipounganishwa kuwa jeshi moja. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza. Pande zote mbili zilipigana kwa kutumia askari Waafrika. Lakini askari hawakuwa wengi kama watu wengine tunaowasahau, yaani wapagazi.

Fikirini jinsi nchi ilivyokuwa. Barabara za motokaa zilikuwa chache sana. Ng'ombe na farasi walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Basi chakula, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga vilichukuliwa kichwani na mabegani mwa watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa jina lake. Watu wetu walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo kule Dar es Salaam, na Kariokor kule Nairobi. Kila siku watu hununua ndizi na vitambaa Kariakoo, na wengi wao hawajui ya kuwa mahali hapo panaitwa kwa jina la kikosi.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari. Lakini mwaka 1915 serikali ya Waingereza katika Kenya ya siku zile ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 yalifanyika makusanyo makubwa kupita yote. Machifu walitakiwa kutoa watu. Kila mpagazi alivishwa kibati chenye namba. Walikwenda mpaka kusini ya Tanganyika na hata Msumbiji, katika mvua na matope. Unga wa mahindi waliopewa mara nyingi haukusagwa wala kupikwa vizuri, na wengi wao hawakuuzoea. Waliougua kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi mno. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikuwa karibu 95,000 au zaidi. Waliouawa na risasi ni wachache kati yao. Ugonjwa ndio uliowamaliza.

Sasa njooni kwenye swali letu. Ulikuwa nani? Mpagazi hakuhesabiwa kuwa askari. Alikuwa kibarua wa jeshi. Hakuwa na bunduki, wala cheo, wala mshahara wa askari. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa pensheni ulifungwa mbele yake hata kabla hajafika.

Hata mshahara wake, ambao tumesema ni deni, ulimpotea. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa. Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, Oscar Watkins, alijitahidi baada ya vita ili fedha za wale waliokufa na waliopotea zisiliwe bure. Serikali ya Kenya na wakubwa wa London walishindana juu ya jambo hilo miaka mingi, na fedha nyingi hazikuwafikia wajane wala watoto. Maana kumlipa mjane ni lazima umjue mumewe ni nani, ametoka kijiji gani, na amekufa lini. Kama hayo hayakuandikwa, au yaliandikwa vibaya, mjane yupo lakini daftari linasema hayupo.

Msidhani ninatia chumvi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya waliokufa vitani ilitoa taarifa juu ya kazi yake ya tangu zamani. Ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ilifika 350,000. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Tume iliomba radhi.

Linganisheni na jambo moja la Vita Kuu ya Pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa muda mfupi kabisa. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hakuna kaburi hata moja, maana walikwenda na maji. Hata hivyo ukumbusho wao uko Nairobi katika makaburi ya vita. Kwa nini hawa waliozama baharini wanajulikana, na wale waliokufa nchi kavu, katika ardhi yetu wenyewe, hawajulikani? Kwa sababu hawa waliandikwa kuwa askari, na daftari lao lilitunzwa. Basi jibu la swali la kwanza halitoki katika mwili wa mtu wala katika jasho lake. Linatoka katika daftari.

ULITUMIKA MUDA GANI?

Katika Vita Kuu ya Pili, tangu 1939 hata 1945, Afrika ya Mashariki ilitoa askari zaidi ya 300,000. Walipigana na Waitaliani katika Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapita katika bonde la Kabaw kule Burma wakati wa masika, wakiwafukuza Wajapani. Babu wa mama aliyetuandikia alikuwa mmoja wa kizazi hicho.

Watu wengi katika jeshi hilo waliandikwa kwa muda wa vita tu. Vita vilipokwisha, waliachishwa. Pensheni ya utumishi mrefu hudai miaka mingi, na miaka minne au mitano haitoshi. Hapa inatupasa kusema kweli: hata askari wa Kiingereza aliyeandikwa kwa vita tu hakupata pensheni ya utumishi mrefu. Naye alipewa kiinua mgongo, akaenda zake. Kwa hiyo mama asifikiri kwamba babu yake alinyimwa pensheni hiyo peke yake.

Dhuluma ilikuwa mahali pengine, nayo ilikuwa katika kipimo cha kiinua mgongo chenyewe. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza nyaraka za zamani za serikali ya Uingereza zilizoonyesha viwango vilivyotumika. Mzungu mkazi wa makoloni, mwenye cheo cha chini kabisa, alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mwafrika mwenye cheo hicho hicho alihesabiwa shilingi 3 na senti 50.

Sasa hesabu yetu. Andikeni ubaoni. Tuseme watu wawili walitumika miezi 48, yaani miaka minne. Mwafrika: 48 mara shilingi 3 na senti 50. Jibu ni shilingi 168. Mzungu: 48 mara shilingi 10. Jibu ni shilingi 480. Toeni 168 katika 480. Inabaki shilingi 312. Walikuwa na cheo kimoja na miezi ile ile, na risasi ya Mjapani haikuuliza rangi. Lakini karani aliuliza.

Wala haikuwa fedha tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwapa mashamba askari Wazungu waliotoka vitani. Waafrika waliopigana vita hivyo hivyo hawakuwamo katika mpango huo. Tena sehemu ya ardhi iliyogawanywa ilitolewa katika nchi ya Wanandi, watu waliotoa vijana wengi kuingia Keya. Fikirini kijana wa Kinandi anarudi kutoka vitani, anakuta shamba la baba yake lina mwenyewe mwingine, naye huyo mwenyewe amepewa kwa kuwa alikuwa askari.

ULIUMIA NINI, NA KWA SABABU GANI?

Tumefika kwenye mguu wa babu. Hapa ndipo penye pensheni ya ulemavu, na hapa pana elimu inayowafaa hata watu wa leo.

Pensheni ya ulemavu haidai miaka mingi. Askari aliyeumia siku ya kumi aweza kuipata. Lakini inadai mambo mawili. Jambo la kwanza ni kwamba madhara yametokana na utumishi, au yamezidi kuwa mabaya kwa sababu ya utumishi. Jambo la pili ni kipimo cha madhara hayo.

Kipimo hufanywa kwa sehemu za mia. Waingereza walikiweka katika kanuni zao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya askari wao. Mtu aliyepoteza miguu miwili, au macho yote mawili, alihesabiwa kuwa na ulemavu wa sehemu 100 katika 100. Wenye madhara madogo zaidi walihesabiwa chini ya hapo, kwa kadiri ya kiungo kilichoharibika. Aliyefikia sehemu 20 au zaidi alipewa pensheni. Aliyekuwa chini ya 20 alipewa fedha mara moja tu, akaambiwa kwaheri. Mwaona basi jinsi neno moja la daktari lilivyoweza kumtoa mtu katika pensheni na kumtia katika kiinua mgongo. Daktari akisema 20, mtu analipwa mpaka kufa. Akisema 15, mlango umefungwa.

Jambo la kwanza lilikuwa gumu zaidi. Jeraha la risasi hujionyesha lenyewe. Lakini je, kifua kikuu? Je, tumbo lililoharibika kwa kuhara damu? Je, mtu anayeamka usiku akipiga kelele kwa sababu ya mambo aliyoyaona? Karani aweza kusema: maradhi haya yapo hata nyumbani kwenu, utathibitishaje kwamba uliyapata jeshini? Na mtu asiyekuwa na karatasi ya hospitali ya jeshi hana la kujibu.

Hata kule Uingereza shida hiyo ilikuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, aliyedai ndiye aliyetakiwa kuthibitisha. Tena mwaka 1921 iliwekwa sheria kwamba dai lipelekwe kabla ya kupita miaka 7 tangu kuachishwa. Maradhi mengine hujificha, yakatokea baada ya mwaka wa nane. Chama cha askari wa zamani wa nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka huo huo wa 1921, kilipiga kelele bila kuchoka. Hatimaye, mwaka 1943, katikati ya vita vya pili, mzigo ulihamishwa. Tangu hapo, kama mtu aliingia jeshini mzima akatoka mgonjwa, serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kwamba ugonjwa haukutokana na jeshi, na mahakama za kusikiliza rufani ziliwekwa. Kwa hiyo kanuni za pensheni hazikushuka kutoka mbinguni. Ziliandikwa na watu, na watu wengine waliozisoma wakazikataa wakafanya zibadilishwe.

Sasa mtazameni askari wetu. Aliachishwa akapanda gari la moshi, kisha akatembea kwa miguu mpaka kijijini. Ofisi ilikuwa mbali, kanuni ziliandikwa kwa Kiingereza, na daktari wa kumpima mguu upya hakuwapo. Mguu uliokuwa ukiuma kidogo mwaka 1946 ulikuwa umekauka mwaka 1956. Haki ya mtu huyo ilikwisha polepole, kwa sababu ya umbali na kwa sababu ya kutokujua kusoma.

KIINUA MGONGO NA PENSHENI: MLANGO GANI ULIBAKI WAZI?

Ndugu wasikilizaji, mtu aweza kuuliza, kuna tofauti gani kubwa baina ya fedha za mara moja na fedha za kila mwezi? Tutazame kidogo Afrika ya Magharibi, kwa maana jirani naye hufundisha.

Askari wa Senegal na nchi nyingine walipigana katika jeshi la Ufaransa, na wengi wao walipewa pensheni. Mwishoni mwa mwaka 1959 Wafaransa walitunga sheria ya kugandisha pensheni za watu wa makoloni yaliyokuwa yakipata uhuru. Pensheni ya Mfaransa ilipanda bei za vitu zilipopanda. Ya Msenegali ilisimama pale pale. Lakini Wasenegali hao walikuwa na vitabu vyao vya pensheni mkononi. Kila walipokwenda kupokea waliona tofauti kwa macho, wakaweza kuihesabu. Wastaafu 743 walipeleka malalamiko yao mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1989 kamati ikasema kwamba wamebaguliwa. Mwaka 2001 mahakama kuu ya mambo ya serikali katika Ufaransa nayo ikaihukumu serikali yake katika kesi ya askari mmoja, na mwaka 2006 serikali ikatangaza kusawazisha baadhi ya viwango. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini walioishi walipata kitu, na walikipata kama haki.

Askari wetu wa Keya hawakuwa na kitabu cha kila mwezi. Walipewa kiinua mgongo chao, kidogo kama tulivyohesabu, na mlango ukafungwa nyuma yao. Habari zile za mwaka 2019 zilipotoka, wabunge wengine wa Uingereza walitaka jambo lichunguzwe na wazee walipwe fidia. Lakini wazee waliobaki walikuwa na miaka 90 na zaidi.

Kilichobaki kwao kilikuwa hisani. Tangu mwaka 1921 kimekuwapo chama cha kuwasaidia askari wa zamani wa nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, na mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fedha za kuwasaidia walio maskini na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola. Msaada huo ni mwema, wala tusiudharau. Mzee mwenye njaa hali historia. Lakini hisani hupewa mtu kwa sababu ni maskini, na pensheni hupewa mtu kwa sababu alitumika. Mzee mmoja akipokea fedha hizo hushukuru. Mwingine akipokea pensheni hutia sahihi. Hiyo ndiyo tofauti.

WAZEE WA MWANZA

Nitawapa hadithi moja kabla ya kujibu barua. Imeandikwa katika vitabu, na yapendeza.

Askari Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani, chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, mahali palipoitwa Abercorn, siku hizi Mbala katika Zambia. Walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu, lakini fedha hazikuwapo. Jenerali akawaandikia vyeti kwamba wanadai. Ikapita miaka 46. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kwamba askari walio hai walipwe.

Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee karibu 350. Wachache walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya nguo zao za jeshi. Wengi hawakuwa na kitu. Je, ni nani askari wa kweli, na ni nani aliyekuja kujaribu bahati? Basi yule Mjerumani mwenye fedha akachukua ufagio. Kila mzee aliposogea alipewa ufagio huo kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Hadithi yasema hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Mikono ilikumbuka yale ambayo karatasi haikusema.

Watu hucheka wakisikia hadithi hii, nami nacheka. Lakini ina fundisho. Ofisi iliyokusudia kulipa ilitafuta njia ya kumjua askari bila cheti. Ofisi isiyokusudia kulipa hata cheti haikitoshi. Tena fundisho la pili: ilichukua miaka 46. Kwa kila mzee aliyeshika ufagio siku ile, walikuwako wengi waliokwisha kuzikwa.

JIBU LA BARUA

Sasa, mama yetu, jibu lako ni hili. Kiinua mgongo cha babu kilikuwa chake, nacho hakirithiwi. Pensheni ya ulemavu, hata kama angeipata, hufuata mwili wa mtu mwenyewe. Kanuni nyingine humpa mjane kitu, na watoto walio wadogo, hazimpi mjukuu. Kwa hiyo hakuna pensheni ya wajukuu wa Keya ya kudai. Najua jibu hili si tamu. Lakini ni afadhali ulisikie hapa bure kuliko kuuziwa jibu tamu. Akija mtu kijijini na daftari, akasema leteni ada ya kuandikisha majina ya jamaa za askari wa Burma, mwulizeni: ni sheria gani, ya mwaka gani, na stakabadhi iko wapi? Mwambieni aandike jibu lake kwenye karatasi mbele yenu. Mwanafunzi wa darasa hili aweza kuisoma.

Zile nishani mbili zitunze. Lakini ujue kwamba nishani za Waingereza za Vita Kuu ya Pili kwa kawaida hazikuchorwa jina la askari, tofauti na zile za vita vya kwanza. Nishani peke yake haisemi ni ya nani. Andika basi kwenye karatasi jina la babu, baba yake, kijiji chake, namba yake ya jeshi kama inajulikana, na mahali alipoumia mguu. Iweke pamoja na nishani. Kule Nairobi na Dar es Salaam zimesimama sanamu za askari tangu mwaka 1928 na 1927, na zinaahidi kwamba waliokufa watakumbukwa. Sanamu hazina majina. Karatasi yako itakuwa na jina.

Na ninyi nyote wenye mume, mke au mtoto jeshini, polisi, au katika kazi yoyote ya hatari, maswali ni yale yale matatu. Hakikisheni majina ya warithi yameandikwa kama yalivyo katika vyeti vyao. Mtu akiumia kazini, aumie sana au kidogo, aandikishe siku hiyo hiyo, apate karatasi ya daktari, na nakala ibaki nyumbani. Kabla ya kutia sahihi ya kupokea fedha za mara moja, aulize: je, sahihi hii inafunga mlango gani?

Maneno ya kujifunza: daftari, kiinua mgongo, pensheni, ulemavu, mrithi, stakabadhi, rufani. Kila mtu ayaandike mara tatu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini mpagazi hakuhesabiwa kuwa askari? Mwaona ilikuwa haki?
2. Askari mmoja alitumika miezi 36. Fanyeni hesabu kwa shilingi 3 na senti 50 kwa mwezi, kisha kwa shilingi 10. Tofauti ni kiasi gani?
3. Ni nani katika kijiji chenu aliyekuwa askari au mpagazi? Andikeni jina lake na habari zake katika mistari mitano.

Juma lijalo, mungu akipenda, mlete karatasi hizo za swali la tatu, tutazisoma pamoja. Kwaherini.